Picha Hainolewi Kama Panga

Safari hii karibu barua zote zinalia jambo moja: picha butu. Mtaani "picha kali" ni picha iliyobamba. Hapa nazungumzia ule ukali wa kuhesabu kope, na vitu hivi viwili mnavichanganya kila siku. Waliouliza "kamera gani nzuri ya laki tano" wanisamehe, wamebaki kwenye kapu.

Mwalimu, shikamoo. Naomba setingi zako za kunoa picha. (Mwanza)

Marahaba. Sina. Setingi za jana zilikuwa za picha ya jana. Na huyo anayekuuzia "priseti ya ukali", yaani setingi zilizopangwa tayari, kwa elfu kumi anakuuzia dawa kabla hujamwambia unaumwa nini.

Nimeanza kupiga RAW mwezi uliopita. Nikifungua kwenye kompyuta, picha zinaonekana butu kuliko JPEG ya kamera hiyohiyo. Nimekosea wapi? (Tanga)

Hujakosea popote. JPEG ni chakula kilichokwisha kupakuliwa: kamera imenoa, imekoleza rangi, imefuta chenga (zile chembechembe zinazochafua picha), na ilichoona hakifai imekimwaga. Faili ghafi, yaani hiyo RAW yako, ni mchele. Sasa wewe umeutazama mchele kwenye ungo ukasema mbona hauna ladha ya pilau.

Ila hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi mnapopotea. Mnadhani undani wa picha unapatikana kwenye slaida ya kunoa, kile kitufe cha kuvuta kwenye programu, wakati sehemu kubwa inaamuliwa kabla hamjaifikia. Juu ya kila pikseli ya sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kuna kichujio kidogo cha rangi moja. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, akapewa hataza mwaka 1976, na mpaka leo ndio uliomo kwenye kamera nyingi mlizonazo. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 12 zinazoona kijani tu, milioni 6 nyekundu tu, na milioni 6 bluu tu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukisiwa na programu kwa kuchungulia majirani. Maana yake theluthi mbili ya data ya rangi unayoiona kwenye skrini ni makisio.

Kwa hiyo programu mbili zikifungua faili lilelile hazitoi picha ileile. Tofauti huioni angani wala ukutani. Utaiona kwenye ncha za nywele, kwenye shanga, kwenye mshono wa ukosi. RawTherapee, programu ya kufungulia RAW, inakuachia uchague namna ya kukisia: AMaZE kwa picha safi ya ISO ndogo (ISO ni kiwango cha kamera kukuza mwanga), LMMSE kwa picha yenye chenga nyingi. Zumu mpaka asilimia 100, kodolea ukosi wa shati, badilisha, kodolea tena. Dakika tano hizo zitakufundisha kuliko video ya saa nzima ya mtu anayepiga kelele.

Napiga harusi. Ukumbini usiku natumia ISO 6400. Nikinoa, chenga zinasimama kama mchanga wa ufukweni. Nikifuta chenga, bibi harusi anakuwa mwanasesere. (Mombasa)

Ahsante kwa kuuliza vizuri, dada. Umetaja ISO, umetaja tatizo, hukuandika "picha zangu mbaya nisaidie".

Kwanza ratiba. Chenga zinafutwa mwanzo, kunoa kunakuja baadaye. Programu haijui kope ni nini na chenga ni nini. Inachojua ni kwamba hapa palikuwa peusi, ghafla pamekuwa peupe, basi inaongeza tofauti hiyo. Ukinoa juu ya chenga umezipa chenga chakula.

Pili, tazama Lightroom, programu ya Adobe, inakoanzia: Amount (nguvu ya kunoa) 40, Radius (upana wa duara linalonolewa) 1.0, Detail (vitu vidogo vinavyonolewa) 25, Masking (kuziba pasiponolewa) 0. Hiyo sifuri ya mwisho ndiyo inayomharibu bibi harusi wako, kwa sababu inaamuru kila kitu kinolewe: shavu, ukuta, pazia, giza la nyuma. Bonyeza Alt usiachie, halafu vuta Masking kwenda kulia. Skrini itageuka nyeusi na nyeupe. Palipo peupe patanolewa, palipo peusi pataachwa. Endelea kuvuta mpaka shavu na paji vizame gizani, zibaki nyusi, kope, mstari wa midomo, ukingo wa shela na michoro ya hina mikononi. Kwa uso wa karibu mimi huishia kati ya 60 na 80, lakini tazama picha, usiitazame namba. Kisha Detail ishushe, kwa ISO hiyo 10 inatosha. Radius iwe 0.8 hivi kama kuna lesi, maana nyuzi za lesi ni nyembamba na duara kubwa litazizungushia ukungu mweupe.

Chenga za rangi, yale madoa ya zambarau na kijani kwenye vivuli, futa bila huruma. Chenga za mwanga acha kidogo. Ngozi yenye chembechembe ni ngozi. Ngozi isiyo na kitu ni ndoo ya plastiki.

Najua utaniuliza kuhusu zile programu za akili bandia za kufuta chenga. Denoise ya Adobe iliyoingia Aprili 2023 naitumia, na DeepPRIME ya DxO ilikuwa imetangulia tangu 2020. Zinafanya kazi, sitakudanganya. Lakini hazikurudishii kilichopotea, zinakisia, na kisio lililonyooka ni hatari kuliko chenga kwa sababu halijitangazi. Niliwahi kuzipa picha ya mikono ya bibi harusi. Kwa nguvu zote, vikonyo vyembamba vya hina pembeni ya kidole viliungana vikawa doa moja safi, linalong'aa. Kwa haraka usingejua. Aliyemchora angejua. Tangu hapo nashusha nguvu hadi nusu, na nazumu mikononi kabla ya kukubali.

Jambo moja hukuliuliza: mnaogopa ISO kama mkopo wa riba. Ukipiga kwa ISO 1600 picha ikawa giza, halafu ukaivuta mwanga mara nne kwenye kompyuta, hujakwepa chenga, na kwenye kamera nyingi za zamani umeziongeza. Bora ISO 6400 yenye mwanga kamili. Na kama dari la ukumbi ni jeupe, elekeza flashi juu, utashuka ISO bila kumpofusha mtu.

Picha imetikisika. Programu gani itairudisha? (Wengi mno)

Hakuna. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa ndogo, usishuke chini ya 1/80 ya sekunde. Watoto wanaokimbia, 1/500. Swali hili silijibu tena mwaka huu.

Rafiki amenipa Lightroom "iliyovunjwa". Sina uwezo wa kulipa kila mwezi. Kuna ubaya? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ubaya upo, mdogo wangu, na si wa maadili peke yake. Umefungulia mlango programu iliyochezewa na mtu usiyemjua, kwenye kompyuta yenye nywila zako na picha za harusi za watu. Nimeshamwona mwenzetu mmoja akiamka amekuta mafaili yote yamefungwa na anaombwa fedha. Albamu tatu zilikuwa hazijakabidhiwa.

Tena huna sababu. RawTherapee na darktable ni za bure, halali, na kwenye undani wa picha hazina aibu mbele ya za kulipia. Kinachowakimbiza watu ni sura: zimejaa vitufe kama chumba cha rubani. Usiviguse vyote. Kwenye RawTherapee, tangu toleo la 5.8 la Februari 2020, kwenye kichupo cha Raw kuna kitu kinaitwa Capture Sharpening. Kiwashe. Kitapima chenyewe ubutu uliosababishwa na lenzi na sensa, kisha kiurudishe nyuma.

Hesabu iliyomo humo ina historia yake. Inaitwa Richardson-Lucy, kwa majina ya wanasayansi wawili walioiandika kila mmoja kivyake, 1972 na 1974. Darubini ya Hubble ilipopelekwa angani mwaka 1990 ikagundulika kioo chake kimechongwa vibaya kwa mikromita 2.2 tu, wanaastronomia waliitegemea hesabu hiyohiyo kupunguza ukungu kwenye picha, hadi wanaanga walipokwenda kuifanyia matengenezo Desemba 1993. Zingatia neno hilo: walikwenda. Pamoja na hesabu zote, ilibidi watu wapande chombo wakarekebishe macho ya darubini.

Kanzu na suti zinatoka na mawimbi ya rangi kama upinde wa mvua. Nanoa yanazidi. (Zanzibar)

Nyuzi za kitambaa ni nyembamba kuliko gridi ya sensa yako, zimegongana nayo. Kamera nyingi za siku hizi zimeondolewa kichujio kilichokuwa kikizuia hili, ili muwe na huo ukali mnaoulilia. Acha kunoa sehemu hiyo, pitisha brashi ya Lightroom yenye Moire, slaida ya kufuta mawimbi hayo, juu ya kitambaa peke yake. Siku nyingine sogea hatua moja mbele au nyuma, mawimbi hubadilika au hutoweka.

Natumia Fujifilm. Majani ya miti yanageuka kama minyoo. (Kampala)

Sensa ya X-Trans, iliyomo kwenye Fujifilm nyingi, ina mpangilio wake, si ule wa Bayer. Shusha Detail ya Lightroom hadi karibu na sifuri, au lifungue faili kwenye RawTherapee kwa namna ya kukisia iitwayo Markesteijn, ile ya hatua tatu. Minyoo itapungua hapohapo.

Mimi ni dereva wa watalii. Nina lenzi ya 600. Simba wa saa saba mchana Serengeti anatoka butu, wa asubuhi anatoka safi. Lenzi imekufa? (Arusha)

Lenzi ni nzima, ndugu yangu, hewa ndiyo mbaya. Ardhi ikishapata moto, hewa juu yake inacheza kama juu ya jiko la mkaa, na mita 200 za hewa hiyo ziko kati yako na simba. Hakuna slaida ya kuinyoosha. Wageni wako wanaivuta Dehaze, slaida ya kufuta ukungu, mpaka mia, simba anatoka kama amechorwa kwa mkaa, halafu wanasema Afrika ina mwanga mkali. Sogea karibu, au rudi alfajiri. Na ukisimama zima injini, maana mtikisiko wake unapanda mpaka kwenye lenzi iliyoegemezwa dirishani.

Mteja wangu yuko Muscat. Anasema picha si kali, mimi kwangu ni kali kabisa. Nani mwongo? (Dar es Salaam)

Umetuma kwa WhatsApp, siyo? Hata ile ya HD inabana. Tuma kama dokumenti, au umpe kiungo apakue. Kabla ya kubishana na mteja, jitumie mwenyewe picha hiyo uione anavyoiona yeye.

Nataka kuchapa picha ya familia upana wa mita moja. Megapikseli 24 zitatosha? Na ninoe kiasi gani? (Nairobi)

Upana wa picha yako ni pikseli 6,000. Kwa nukta 300 kwa inchi zinakupa inchi 20, nusu mita. Kwa mita moja unabaki na 150 hivi, na inatosha, kwa sababu picha ya ukutani hakuna anayeinusa. Punguza ukubwa au ongeza kwanza, kunoa kwa mwisho kufanyike kwenye saizi itakayochapwa, na kuzidi kidogo kile kinachopendeza kwenye skrini, maana turubai na karatasi isiyong'aa hunywa ukali. Kiasi gani? Chapa kipande cha A4 chenye jicho na nywele kwanza. Mwenye mashine akikunja uso kwa sababu ya kipande kimoja, mlipe kipande chake.

Nimejaribu kila programu. Picha zangu zote zina utando, hata za mchana kweupe. Mwaka juzi hazikuwa hivi. (Pemba)

Wewe sikupi slaida hata moja. Vua lenzi, fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Usiiangalie taa yenyewe, tazama kwa pembeni kidogo. Mimi niliishi na lenzi yangu ya 85 karibu miaka miwili nikiongeza kunoa kila msimu, 40 ikawa 60, 60 ikawa 90, nikidhani kamera imezeeka. Siku nilipoimulika niliona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo kama mizizi. Kuvu. Mvuke wa bahari, mkoba wa ngozi, kabati lisilofunguliwa. Fundi aliitoa nusu, nusu nyingine ilikuwa imekwishakula rangi ya kioo. Ukizikuta hizo nyuzi, iweke mbali na lenzi zako nyingine leo hii, na zile nzima zitie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani.