Barua kwa mwanangu: mwaka ule wa kikao

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Unaniuliza kama ni haki kuongeza mke, kwa kuwa mkeo ana baridi yabisi na ni miezi minne sasa analala chumba cha watoto. Hilo la haki kamuulize shehe. Mimi nauliza hivi: wewe umemuuliza mkeo anaumwa wapi, na saa ngapi?

Unaukumbuka mkeka wa sebuleni aliokuwa akilalia mama yako, mwaka 1996, ulipokuwa darasa la tatu. Tulikwambia mama anapenda upepo wa mlangoni. Si kweli. Mimi niliamini amenichoka. Mchuzi haukuwa na tui tena, na usiku nikimwekea mkono aliusogeza. Badala ya kumuuliza, nikaitisha kikao. Wajomba zako wakaja kwetu Ngamiani, Tanga, wakakaa barazani, na mbele ya kaka zake mama yako akalazimika kusema kwamba mkono wangu ukimlalia begani anasikia moto. Kwamba asubuhi vidole vinakaza zaidi ya saa nzima, hawezi kukamua hata kitambaa. Akanyoosha viganja. Vifundo vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba. Mjomba wako mkubwa akainama, akaanza kutafuta viatu vyake.

Maneno ya chumbani, nami nikayatoa barazani. Ndiyo maana nawaambia nyote kila siku: muulize.

Tulipoulizana, nikajua kwamba jioni mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko asubuhi. Maji ya moto, taulo begani, kidonge cha maumivu mapema, mto chini ya goti. Nazi nikawa nakuna mimi, nimekalia mbuzi uani, yeye ananisimulia ya mtaani. Miezi ile nilimjua mama yako kuliko mwaka wa harusi.

Nyinyi mna dawa ambazo sisi hatukuzipata. Hiyo methotreksati ya mkeo ni mara moja kwa wiki, si kila siku, mhesabie vizuri. Na asishike mimba akiwa anaitumia; mkitaka mtoto, nendeni kwanza kwa daktari, wote wawili. Huenda hiyo ndiyo hofu yake ukimkaribia. Au sivyo, huenda ni uchovu tu, maana katika maradhi haya kinga ya mwili inaupiga mwili wenyewe, na mtu huamka amechoka. Mimi nitajuaje? Muulize.

Utasema wewe bado kijana, usipimwe kwa kibaba changu. Kweli. Na sharia imekupa nafasi, siwezi kuharamisha kilichohalalishwa. Lakini nafasi hiyo imefungwa na uadilifu, na mtu atafanyaje uadilifu kwa mke ambaye hata... Basi, nanyamaza. Niliapa baada ya kikao kile kwamba sitahukumu nyumba ya mtu, na leo kiapo hicho kinanikaba.

Mama yako anakusalimu. Ameniuliza umeandika nini, nikamwambia wewe na mkeo mtakuja kumwona wote wawili Idi ikifika.

Baba yako