Nyumba kongwe za udongo Tucson: kagua miguu ya ukuta kabla ya kutoa pesa

Ukipita Convent Avenue au Meyer Avenue jua linapoanza kuinama, hutahitaji kuelezwa kwa nini watu wanaipenda Barrio Viejo, mtaa wa kale wa jiji la Tucson, Arizona, Marekani. Nyumba zimepangana bega kwa bega, kuta zimesimama ukingoni kabisa mwa njia ya waenda kwa miguu, bila bustani ya mbele wala uzio. Milango imezama ndani ya ukuta, na rangi za bluu iliyoiva, njano na nyekundu ya udongo hubadilika kila kivuli kinapopanda. Uzuri huo ndio unaowafanya wengi wasaini mkataba mapema mno. Kabla hujafika huko, inama. Tazama zile sentimita 30 za chini, pale ukuta unapokutana na ardhi. Nyumba ya adobe ikiwa inaumwa, huanza kuumwa hapo.

Adobe ni tofali la udongo, mchanga na mabua, lililokaushwa juani bila kuchomwa. Tofali la kawaida lina urefu wa kama sentimita 35, upana 25 na kimo 10, na uzito wa karibu kilo 15. Kuta za nyumba za kale za hapa zina unene wa sentimita 45 hadi 60. Juu yake hulala magogo, wenyeji huyaita vigas. Juu ya magogo hupangwa mbavu za saguaro, ule mdungusi mrefu wenye mikono. Juu ya mbavu hushindiliwa udongo. Ujenzi huu ulitoka Sonora, jimbo la kaskazini mwa Mexico, na una historia ndefu hapa: Tucson ilianza kama ngome ya Wahispania mwaka 1775, ikawa ya Mexico, kisha ikaingia Marekani kwa ununuzi wa ardhi uitwao Gadsden wa 1854. Reli ilipofika mwaka 1880 ilileta mbao za kiwandani, mabati na matofali ya kuchoma kwa wingi. Ndiyo maana Armory Park, hatua chache tu kutoka Barrio Viejo, ina nyumba za veranda na paa la mteremko zilizorudi nyuma kutoka barabarani. Hizo zina matunzo yake. Hapa tunazungumzia za udongo.

Jambo moja la historia linahusu moja kwa moja uamuzi wako. Kuanzia mwaka 1967, karibu ekari 80 za mitaa hii zilibomolewa ili kujengwa ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya jiji. Baadaye barabara kuu nayo ilitishia kupita humo. Wakazi wakasimama, na eneo dogo la maombi la El Tiradito, lililoingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria mwaka 1971, likasaidia kuizuia. Kilichobaki ni kidogo. Ukuta uliosalimika tingatinga haufai kuja kuuawa na mfuko wa saruji.

Na saruji ndiyo inayoziua. Umri hauziui, wala jua la nyuzi 40. Udongo mkavu hudumu miaka mamia. Shida ni kwamba ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini kila siku, na kila siku huutoa nje kupitia uso wake. Maji yakipanda hubeba chumvichumvi. Yakikauka, chumvi hubaki usoni, hujikusanya na kutanuka, na uso wa tofali hugeuka unga. Ndipo unapoona chini ya ukuta pameliwa kama pango la mdomo mpana. Karne iliyopita mafundi wengi waliona pango hilo, wakapigilia waya wa kuku na kukandika lipu ya saruji. Nje pakapendeza. Lakini maji hayakuacha kupanda, yalikosa tu mlango wa kutokea. Yakapanda juu zaidi, nyuma ya saruji, yakalainisha tofali mpaka likawa tope na kuporomoka ndani. Kuna kuta ambazo ganda la saruji limesimama likishikiliwa na waya, na nyuma yake pana uwazi unaoingia ngumi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya bei. Chukua mpini wa nyundo, anza kona moja, gonga ukuta kila baada ya sentimita 20, kwanza usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno. Sauti nzito iliyojaa ni nzuri. Sauti ya debe tupu maana yake lipu imeachana na tofali. Tia alama ya chaki kila mahali inapolia hivyo. Alama zikifuatana zaidi ya mita moja, omba kufungua kipande kidogo uone ndani. Mwenye nyumba akikataa, chukulia kuwa hali ni mbaya na upange bei yako hivyo. Tazama pia uvimbe wa lipu, unga mweupe, rangi inayobanduka kwa tabaka kama ganda la kitunguu, na ufa unaopanda kutoka kona ya dirisha. Ufa mwembamba kama unywele si kitu. Ufa unaoingiza sarafu, hasa ukiwa mpana zaidi juu kuliko chini, unataka mhandisi.

Kisha zunguka nje utafute maji yanatoka wapi. Ardhi inapaswa kushuka angalau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Mara nyingi hali ni kinyume: kwa miaka mia moja watu wameongeza udongo, lami na zege, mpaka uwanja ukawa juu kuliko sakafu. Zege lililomwagwa hadi kugusa ukuta ni kosa tunaloliona sana na linalodharauliwa sana. Unyevu ulio chini ya zege hauwezi kupanda hapo, kwa hiyo unaelekea kwenye njia pekee iliyo wazi, yaani ukuta wako. Likate, acha ukanda wa sentimita 50 hivi, ujaze kokoto. Mimea ya kumwagiliwa ikae mbali na ukuta, angalau mita moja. Bomba la matone lililofukiwa kando ya msingi linaweza kufanya kwa miaka miwili kazi ambayo mvua haikuifanya kwa karne.

Ukarabati una mpangilio wake, na kuuruka ni kupoteza pesa. Kwanza ondoa chanzo cha maji. Pili ondoa saruji, lakini kwa vipande visivyozidi mita moja na nusu, ukiruka kipande kimoja kila mara, maana lile ganda pengine ndilo linalobeba sehemu ya uzito. Ikiwa zaidi ya theluthi ya unene wa ukuta imeliwa, weka mihimili ya kushikilia paa kabla ya kugusa chochote. Tatu, acha ukuta ukauke. Hapa ndipo watu hushindwa kuvumilia: ukuta wa nusu mita uliolowa huchukua miezi, si siku. Nne, chonga mpaka ufike kwenye tofali gumu, nyunyiza maji kidogo, ujaze kwa matofali ya adobe na tope la udongo uleule. Usijaze kwa zege wala matofali ya saruji. Kitu kigumu ndani ya kitu laini huachana nacho, na maji hutafuta ule mpaka.

Kujua udongo wako ukoje, tia udongo hadi theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uache kwa siku nzima. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini baada yake, mfinyanzi mwisho kabisa. Mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 25, uko pazuri. Ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Ukipungua, litavunjika kama biskuti.

Lipu ya nje iwe ya udongo au ya chokaa. Ya chokaa ni kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa vizuri kwa vitatu vya mchanga mkali, kwa tabaka zisizozidi sentimita moja, na kila tabaka lipewe wiki nzima kabla ya linalofuata. Usiruhusu fundi akuongezee “saruji kidogo ili ishike haraka.” Kidogo hicho ndicho kinachoziba vinyweleo. Anayetaka ushahidi aende kusini mwa jiji akaone kanisa la San Xavier del Bac, lililokamilika 1797. Lile ni la matofali ya kuchoma, magumu kuliko adobe, na bado lipu ya saruji iliyowekwa karne ya 20 ilifungia maji ndani. Mafundi waliibandua na kurudisha chokaa na mchanga uliochanganywa na utelezi wa mdungusi wa nopal, kama walivyofanya wajenzi wa mwanzo. Rangi nayo iwe ya chokaa au ya madini. Rangi ya akriliki ni mfuko wa plastiki uliovishwa ukuta.

Panda juu ya paa. Nyingi ni bapa, zimezungukwa na kikuta kifupi, na maji hutoka kwa mifereji midogo inayochomoza ukutani, canales. Kila mfereji unapaswa kutoka nje angalau sentimita 30, usije ukadondoshea ukuta. Mwaga ndoo ya maji kwenye kona ya mbali na uangalie yanakokwenda. Panapobaki dimbwi siku mbili baadaye, udongo wa chini umekwisha kulowa. Kagua pia kichwa cha kile kikuta. Ufa pale hupeleka maji katikati ya ukuta, ambako huwezi kuyaona. Na mtu akikupendekezea kuongeza tabaka jipya juu ya mengine, uliza kwanza yapo mangapi. Udongo ni mzito, na mbavu za saguaro zina kikomo.

Kipoza hewa cha maji kilicho juu ya paa kikaguliwe peke yake. Kila kipoza hutoa maji ya ziada, na bomba lake dogo mara nyingi limeachwa lining'inie kando ya ukuta.

Mabomba ya maji safi yasipite ndani ya ukuta wa udongo hata kidogo. Mvujo wa tone moja kwa sekunde hautaonekana kwenye bili kwa haraka, lakini utayeyusha ukuta kimyakimya. Yapitishe kwenye kuta za mbao za ndani. Waya za umeme zinaweza kupita, ila mfereji wa kuzilaza uchongwe wima. Wa mlalo hukata ukuta kama msumeno. Mchwa nao ni mtihani wa pekee: njia zake ni za udongo, na ukuta ni wa udongo, hivyo hazionekani. Usitafute njia, chunguza mbao. Choma linta ya kila mlango na kila dirisha kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa, ndani hamna kitu.

Kuhusu joto, wengi huambiwa kwamba adobe haihitaji kiyoyozi. Si kweli kabisa. Ukuta mnene hauzuii joto bali hulichelewesha, kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili hivi. Mwezi Mei na mwanzoni mwa Juni, usiku unapopoa sana, fungua madirisha giza likiingia na uyafunge kabla jua halijachomoza. Nyumba itakaa vizuri mchana kutwa. Julai na Agosti, mawingu ya monsuni yanapozuia usiku kupoa, ukuta hubaki na joto lake na hewa yenye unyevu hukifanya kipoza cha maji kisisaidie. Hapo utahitaji kiyoyozi, na kiwe kidogo kinachofanya kazi mfululizo, maana kuta hizi hazipendi kuwashwa na kuzimwa.

Kwenye makaratasi, tofautisha mambo mawili. Kuwa kwenye Orodha ya Taifa peke yake hakumzuii mwenye nyumba anayetumia pesa zake mwenyewe. Kinachombana ni ukanda wa hifadhi wa jiji, ambao sheria yake ni ya 1972 na unahusu Barrio Viejo, Armory Park, El Presidio na mengineyo. Ndani yake mabadiliko ya nje hupitiwa kabla ya kibali. Uliza nyumba iko upande gani wa mstari. Arizona pia hupunguza kodi ya jengo hadi karibu nusu kwa mwenye nyumba anayeishi humo, nyumba ikiwa inachangia eneo lililoorodheshwa, kwa makubaliano ya miaka 15 ya kuitunza. Na nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978, muuzaji anatakiwa kisheria kukueleza anachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi.

Ukiweza kuchagua wakati, kagua Agosti, asubuhi baada ya mvua kubwa, ukuta ukiwa hauwezi kuficha kitu. Kazi ya lipu isubiri Oktoba au Machi. Lipu ya chokaa ikipigwa Juni hukauka kabla haijashika, na wiki moja baadaye unaifuta kwa kiganja kama vumbi. Hata Oktoba, itundikie kitambaa cha kivuli na uinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku saba.