“Wewe Ndiye Unayejua, Niambie”

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mkoani Njombe. Tulipelekwa semina ya ukocha kwa watumishi, tukafundishwa kwamba katika kuwalea waumini tusikimbilie kushauri, bali tuulize maswali mpaka mtu afikie uamuzi wake mwenyewe. Niliporudi nilianza na kijana mmoja aliyepata kipaimara kwetu. Sasa yuko kwenye biashara ya mbao na ibadani haonekani. Nilimuuliza maswali kama tulivyoelekezwa, akanitazama akasema, “Mwinjilisti, wewe ndiye unayejua, niambie nifanye nini.” Nikakosa la kusema. Mzee mmoja wa kanisa anasema haya ni mambo ya makampuni, kazi ya mtumishi ni kuhubiri Neno. Tena kuna mama wa jumuiya yetu ameniambia mume wake anampiga. Naye nimuulize maswali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amina.

Nianze na huyo mama, maana yeye hawezi kusubiri. Hapana, usimfanyie ukocha. Mtu anayepigwa anahitaji kwanza kujua leo atalala wapi kwa usalama. Akikubali, msindikize pamoja na mama mwingine anayemwamini hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama ameumia, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende nayo hospitali. Kama watoto nao wako hatarini, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure. Na nakusihi sana, usiwakalishe yeye na mume wake kikao kimoja ili “wayamalize”. Mama ataongea nini mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani usiku?

Sasa kijana wa mbao. Jibu lake halinishangazi hata kidogo. Tangu shule ya Jumapili amefundishwa kwamba mtumishi akiuliza swali, jibu sahihi mtumishi analo tayari. Darasa la kipaimara ndivyo lilivyokwenda: swali, jibu la kukariri, unasahihishwa. Leo umebadilisha utaratibu bila kumwambia, naye akadhani unamtega. Mwambie wazi kabla hamjaanza: “Leo sijaja kukuhubiria. Nataka kukusikiliza, na nitakuuliza mambo ambayo majibu yake mimi sina, unayo wewe. Ni sawa?” Mpe nafasi ya kukataa.

Kisha angalia maswali yenyewe. Hukuniandikia ulimuuliza nini, lakini watumishi wengi huanza na “kwa nini”. “Kwa nini huji ibadani?” ni swali la baraza la wazee. Mtu akiulizwa hivyo hujitetea, hafikiri. Jaribu, “Jumapili zako siku hizi zinakwendaje?” Huenda ukasikia kwamba lori la mbao hupakiwa usiku wa Jumamosi, au kwamba kuna mtu kanisani anamdai, au kwamba alipofiwa hakuna aliyefika. Kila moja ya habari hizo ina njia yake, na ungeweza kumhubiria miezi sita bila kuigusa.

Lipo kosa jingine, la hila zaidi: ushauri uliovishwa kanzu ya swali. “Huoni kwamba ungefunga na kuomba mambo yangekaa sawa?” Hapo hujauliza kitu. Kama una ushauri, utoe kama ushauri, kwa ruhusa yake, kisha umwachie aupime.

Msome Bwana wetu katika Mathayo 16. Hakuanza na swali zito. Alianza na la nje: watu hunena Mwana wa Adamu kuwa ni nani? Wanafunzi wakajibu kwa urahisi, maana walikuwa wanasimulia ya wengine. Ndipo akawageukia: nanyi je? Fuata mpangilio huo. Muulize kwanza vijana wenzake wa mbao wanasemaje kuhusu kanisa. Atakuambia mengi, na baadhi yatakuwa yake mwenyewe.

Akinyamaza, nyamaza naye. Najua hili ni gumu kwetu wahubiri, tumezoea kujaza kila nafasi kwa neno au wimbo. Lakini kimya kile ndipo mtu anapoteka maji ya kilindi, yaani mashauri ya moyoni, yanayosemwa katika Mithali 20:5.

Msiachane kabla hajasema kwa kinywa chake atafanya nini, lini, na nani atamkumbusha. “Nitajitahidi, mwinjilisti” usilikubali. “Jumapili hii nitawahi ibada ya kwanza kabla lori halijaondoka, na Jumatano nitakupigia” ni jambo la kushikana mkono. Na aliyokuambia yabaki kwako. Usiyapeleke jumuiya kama “ombi maalumu”. Naumia kusema hivi, lakini siri nyingi za vijana wetu zimetangazwa kwa njia ya maombi, nao hawakurudi tena.

Kuhusu mzee wa kanisa, msikilize, ana jambo. Mwanafunzi wa Kristo hazaliwi kwa maswali matupu. Asiyejua ubatizo ni nini, mfundishe; usimuulize yeye anauonaje. Na dhambi ikiwa wazi inayoumiza wengine, nabii Nathani hakumalizia kwa kuuliza, alimwambia Daudi, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Lakini mwonyeshe mzee njia ya Emau, Luka 24. Bwana mfufuka, ajuaye yote, anawauliza wale wanafunzi wawili waliokuwa njiani, “Ni maneno gani haya mnayosemezana hivi mnapotembea?” Wanashangaa kwamba hajui, naye anaendelea, “Mambo gani?” Akawaacha wamwage huzuni yao yote, hata yale matumaini waliyokuwa wamekwisha kuyazika. Baada ya hapo ndipo akafungua Maandiko, akianzia kwa Musa. Mafundisho yalikuwepo, tena marefu! Ila yaliingia katika mioyo iliyokwisha kusikilizwa. Soma sura hiyo pamoja na mzee, kisha muombe aende nawe kwa kijana. Wazee wetu wengi ni wasikilizaji wazuri kuliko sisi tuliosoma semina.

SWALI: Mchungaji, mimi ni mlezi wa vijana katika kanisa moja Eldoret. Nimesomea ukocha na nina cheti. Naweza kuwatoza ada vijana wa kanisani kwangu?

JIBU: Hao ulioaminiwa na kanisa kuwalea, usiwatoze, dada yangu. Asiye na pesa ataacha kuja, na mwenye pesa utaogopa kumwambia ukweli. Walio nje ya malezi yako ni kazi kama kazi nyingine: wape makubaliano ya maandishi, waonyeshe ada yako mapema, na umjulishe mchungaji wako kabla hujaanza.