Hapana, mama mdogo, si Frimasoni

Shikamoo mama mdogo. Umeniuliza mara mbili kwenye simu, na mara zote mbili nimekwepa: zile herufi za Kigiriki kwenye fulana yangu ni za nini, na kama kweli nimejiunga na Frimasoni. Leo najibu, na ndugu wengine mnaoulizana pembeni nanyi msome.

Si Frimasoni. Vyuo vya Marekani vina vyama vya undugu vya wanafunzi, na majina yake ni herufi hizo. Cha Alpha Phi Alpha, kwa mfano, kilianzishwa na vijana saba weusi pale Cornell mwaka 1906, enzi ambazo mwanafunzi mweusi alikuwa mpweke hasa chuoni. Martin Luther King alikuwa mwanachama wao. Kwame Nkrumah, aliyesoma Pennsylvania, alikuwa wa Phi Beta Sigma. Changu sikitaji, maana yapo ya aibu ndani yake.

Tawi letu lilikuwa limefungiwa. Waliotutangulia walikuwa wakiwapiga vijana wapya kwa vibao vya mbao siku ya kuwaingiza, hadi mmoja akalazwa hospitali. Nilipofika mimi adhabu ilikuwa imekwisha, na wa kulifufua walikuwa watatu tu. Mmoja tulikuwa naye maabara ya kemia, akaniomba niwe wa nne. Nilikubali kwa upweke, mama. Februari ile niliweza kumaliza siku tatu sijaongea na mtu, zaidi ya "asante" kwa mpishi wa kantini. Nyinyi nilikuwa nawatumia picha za theluji.

Wakanipa uweka hazina kwa kuwa hakuna aliyeutaka. Nilikabidhiwa boksi la viatu lililojaa barua za madai. Hapo nikakumbuka kikoba chenu: lile sanduku lenye kufuli tatu, ufunguo mmoja ukiwa kwako, na jinsi mnavyoanza kikao kwa kusoma kila jina na alichoweka, mwenyewe akisikia. Nikafanya vilevile. Jumapili jioni, kabla ya jambo lolote, nasimama na daftari: fulani katoa dola kumi, fulani hajatoa. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka, maana huyo fulani alikuwa amekaa mbele yangu na ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Alilipa kesho yake. Nilikuja huku nikiamini sina cha kumfundisha mtu, kumbe nilikuwa nimekulia kwenye kikao chenu.

Kisha wakaja wawili wa zamani, wanataka vibao virudi. Walisema wao walipigwa, na ndiyo maana wanapendana mpaka leo. Nami nimekulia kwenye fimbo za shule. Moyoni nilikuwa nusu nakubaliana nao. Ila ndani ya lile boksi mlikuwa na barua ya mama wa yule kijana, na nilishaisoma. Nikawaambia nikikiona kibao nitakipeleka chuoni mwenyewe. Mimi, ambaye sijawahi kumbishia mkubwa hata nyumbani. Mmoja wao hajanisalimia tangu siku ile.

Na hili nalo ulijue. Machi sikukutumia hela, nikasema benki ina tatizo. Tatizo halikuwepo, nililipa ada ya chama. Mwenye viza kama yangu haruhusiwi kuzidisha masaa 20 ya kazi kwa wiki kipindi cha masomo, na hesabu ikagoma. Alama za kemia nazo zilishuka. Nisamehe kwa uongo ule.

Mwezi uliopita tumeingiza vijana sita. Nilipika wali na kuku, tukala, kila mmoja akaeleza kwao ni wapi na nani alimlea. Saa saba usiku mmoja akanivuta kando, akauliza kwa sauti ndogo kama bado kuna kitu kinakuja. Mikono ameiweka nyuma. Nikamwambia hakuna, nenda ukalale.