Kopi za vitambulisho vya wateja zinalala wapi?

SWALI: Mshauri habari za kazi. Nina biashara ya kukodisha mahema, viti na spika, tuko watu sita. Mteja akija tunapiga kopi ya kitambulisho chake, au anatuma picha WhatsApp kwenye simu ya mfanyakazi yeyote aliyepo. Wiki iliyopita mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi alikuja analia, kuna mkopo umechukuliwa kwa jina lake na yeye hajui lolote, na anasema kitambulisho hajampa mtu mwingine zaidi yetu. Sijui kama kweli imetokea kwetu ila usingizi sipati kabisa. Nifanyeje?
Dada mwenye biashara

JIBU: Pole sana dada yangu. Tuanze na huyo mama maana yeye ndo anaumia sa hivi. Usimwambie "haiwezekani imetoka kwetu" kabla hujaangalia. Mwandikie barua fupi, kopi mlichukua lini, ilikaa wapi, nani aliiona, hiyo karatasi itamsaidia polisi na kwa hao waliotoa mkopo. Yeye nae awaandikie kwamba deni sio lake, asiishie kupiga simu tu, na ahakikishe hakuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake bila yeye kujua.

Alafu leo mkishafunga, zunguka ofisini kwako kama vile wewe ndo mwizi. Angalia juu ya printa, angalia droo, angalia karatasi mnazopigia hesabu. Mimi nimeshashika karatasi ya hesabu za siku, nikaigeuza nyuma, nikakuta sura ya mtu, jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, na ilikuwa inaenda kutupwa jalalani hivyo hivyo bila hata kuchanwa. Na hizo mashine kubwa za kopi, nyingi zina diski ndani inayotunza picha za ulichopiga, kwa hiyo ukiiuza bila kufuta umeuza na wateja wako.

Simu ndo mbaya zaidi. Picha ikiingia WhatsApp mara nyingi inajihifadhi kwenye galari, galari nayo inapanda kwenye akaunti ya mtandaoni ya huyo mfanyakazi, siku akiacha kazi anaondoka na vitambulisho vya watu na wala hana nia mbaya, simu ikiibiwa tu basi. Waulize wote sita, na walioacha pia.

Sasa swali ambalo naona hamjawahi kujiuliza, hiyo kopi ni ya nini? Kama unachotaka ni viti virudi, kitazame kitambulisho, linganisha sura, andika jina na tarakimu nne za mwisho, mrudishie mwenyewe, chukua amana. Nina hakika sehemu kubwa ya shida yako inaishia hapo, maana mwizi hawezi kuchukua kwako kitu ambacho huna. Ikibidi kweli ubaki na kopi, andika juu yake kwa kalamu nzito, ikipita katikati ya picha, "kwa kukodi vifaa tu" na tarehe, iwe ngumu kuitumia kwingine, ikae sehemu moja yenye kufuli, mtu mmoja ashike ufunguo, vifaa vikirudi ichanwe.

Kompyuta ikikuomba kusasisha programu usiiahirishe kila siku. Equifax ya Marekani, kampuni kubwa tu inayotunza rekodi za mikopo ya watu, mwaka 2017 iliibiwa taarifa za watu milioni 147 hivi, na tundu walilopitia wadukuzi lilikuwa limeshatolewa dawa mwezi Machi, wao wakaingia Mei, kumbe hakuna aliyeiweka. Na kila mfanyakazi awe na nywila yake, hiyo ya pamoja iliyobandikwa pembeni ya skrini itoeni leo.

Ukikuta kweli kuna kopi au simu imepotea, waambie wateja wote wanaohusika, hata kama utaona aibu. Nchi nyingi sasa zina sheria ya taarifa binafsi na muda wa kuripoti ni mfupi, Ulaya mamlaka inatakiwa ijulishwe ndani ya saa 72, kwa hiyo ulizia kwenu sheria inasemaje kabla siku hazijakupita. Ila yule mama mpigie leo hii, usisubiri mpaka umalize kutafuta.