Kompaila inanigomea kusoma safu aliyochagua karani

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Newala natengeneza kaprogramu ka kutunza mizigo ya korosho ya AMCOS yetu (chama cha ushirika wa mazao), naandika kwa TypeScript, ile JavaScript iliyoongezewa taipu, yaani aina za data. Karani anachagua safu kwenye menyu, kilo au daraja au ghala, mi nachukua hilo jina naweka mzigo[safu], kwenye JavaScript ilikuwa inakubali tu ila huku kompaila, ile inayokagua kodi kabla haijaendeshwa, inagoma, inasema stringi haiwezi kutumika hapo. Mshkaji wangu wa Lindi anaandika C# ananiambia weka any, taipu inayokubali chochote bila kukaguliwa, yaishe, eti kwao dynamic, ndugu yake any, ipo tangu 2010 na mambo yanaenda. Nifanyeje?
Msomaji, Newala

JIBU: Mdogo wangu any usiweke, nakuomba kabisa. Ukiiweka kompaila inanyamaza lakini kosa linabaki palepale, siku jina likaingia Kilo kwa K kubwa basi mzigo["Kilo"] inakupa undefined, yaani hakuna kitu, unazidisha na bei unapata NaN, yaani si namba, na hiyo ni hela ya mkulima aliyesubiri mnada wiki nzima. Dynamic ya C# kweli ipo, ilikuja na toleo la 4.0, ila nayo ukikosea jina la propati programu inaanguka ikiwa kazini, afadhali yenyewe inapiga kelele.

Kompaila inagoma kwa sababu stringi ni neno lolote lile, hata "embe", sasa itajuaje kinachotoka ni namba au maandishi? Sema safu ni keyof Mzigo, yaani mojawapo ya majina yaliyomo kwenye taipu yako ya Mzigo, hapo inajua majina ni hayo matatu tu, kilo ni namba, ghala ni maandishi. Hii ipo tangu toleo la 2.1 la TypeScript, mwaka 2016.

Wengi wanateleza hapa: taipu zote zinafutwa kodi ikishageuzwa kuwa JavaScript, kwa hiyo kinachotoka kwenye menyu bado ni stringi tupu na ukilazimisha kwa as keyof Mzigo, yaani kuiambia iamini tu, unaidanganya kompaila. Andika const SAFU = ["kilo", "daraja", "ghala"] as const, ili kompaila iyashike majina hayo hayo, halafu jina likiingia litafute humo kwa SAFU.find(s => s === jina), usitumie includes maana itakugomea tena kwa stringi ileile, find inakurudishia jina likiwa na taipu yake, na kama halimo unapata undefined, hapo hapo mwonyeshe karani kosa.

Ukija kupokea Excel za AMCOS nyingine, kila moja na vichwa vyake, hapo keyof haikufai, tumia Map, yaani jozi za jina na thamani yake, na kila thamani uikague kabla hujaipigia hesabu.