Damu imeisha jichoni, hospitali ya nini tena?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mwanangu wa miaka 12 alipigwa jiwe la manati jichoni siku tatu zilizopita, hapa Pongwe. Damu ilikusanyika ndani, mbele ya mboni. Tulimtia maziwa ya mama na matone ya duka la dawa. Leo damu haionekani, na anaona, ila kwa ukungu. Kuna haja gani tena ya kumpeleka hospitali ya Bombo akapasuliwe?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mpeleke leo hii, ila usimtishe kwamba anakwenda kupasuliwa. Damu ya namna hiyo mara nyingi hunyonywa yenyewe. Tunaingia kuiosha pale presha ya jicho inapopanda na kukataa kushuka kwa dawa, au damu inapoanza kuitia doa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kama mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, au hata amerithi kwa mzazi mmoja tu, sema mapema. Chembe zake za damu huziba upesi njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho, na kwake hatusubiri kama kwa wengine.

Kinachonichosha ni hilo neno "damu imeisha". Kati ya siku ya pili na ya tano ndipo kidonda cha ndani hupenda kuvuja upya, na safari hii damu huweza kuwa nyingi kuliko ya kwanza. Mwanao yumo humo humo. Isitoshe, nyuma ya damu hujificha mengine: lenzi iliyolegea, retina, utando wa nyuma unaopokea picha, iliyochanika pembeni, kona ya kutolea maji iliyoraruka. Kona hiyo huweza kuleta presha ya jicho miaka mingi baadaye, jiwe lenyewe limeshasahauliwa, na haiumi.

Kuna ambao jicho limepasuka kabisa na hawajui. Ukuta mweupe huachia palipo pembamba, kandokando ya konea au nyuma ya misuli. Kwa nje waona uvimbe na wekundu tu. Hapo lazima tufunue tutafute, tushone kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, ikiwezekana ndani ya saa 24. Tunaziba jicho, haturudishi uoni siku hiyo. Retina ikiwa imeachia, huenda akahitaji upasuaji wa pili, pengine hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, baada ya wiki moja au mbili. Sasa mtu aliyepoteza wiki nzima akijaribu matone, jicho limeshatunga usaha, anataka nimshonee nini?

Maziwa ya mama ni chakula cha mtoto, na jichoni hupeleka vijidudu. Matone ya dukani ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yana sura ya hospitali. Yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, na muuzaji hana cha kuipimia. Ya ganzi huondoa maumivu huku yakila konea.

Njiani, kata kitako cha kikombe cha plastiki, ukibandike kwenye paji na shavu kisiguse jicho. Usikandamize pamba. Alale kichwa juu, asipewe aspirini wala diklofenaki, panadoli yatosha. Hiyo chupa ya matone nenda nayo, daktari aisome. Na nyinyi wengine mliobakiza chupa kabatini tangu jicho la mwaka jana, mkimsubiri mgonjwa mwingine, zitupeni.